Kutoka Kyela Hadi Makka: Masafa, Saa na Hukumu za Msafiri

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Waislamu wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wanasafiri leo kuliko walivyosafiri wazee wao. Tangu Uwanja wa Ndege wa Songwe ulipofunguliwa mwaka 2012, mtu wa Kyela anaweza kuswali Alfajiri nyumbani kwake na kuswali Isha Jeddah au Makka, ikiwa ndege zimepangika vizuri. Jambo hili ni neema, lakini limezaa maswali ambayo maimamu wetu huulizwa kila mara. Je, safari ya saa moja na nusu angani inamruhusu mtu kupunguza Swala? Aliyefunga atafuturu kwa saa ya wapi? Anayekwenda Hija atahirimia wapi, naye anapita juu ya mawingu? Katika makala haya tutaitazama safari hii hatua kwa hatua, tukifuata zaidi madhehebu ya Imam Shafi (R.A.) ambayo ndiyo wanayoyafuata Waislamu walio wengi Afrika Mashariki, na tutagusia kauli za wengine pale inapobidi.

MASAFA YENYEWE

Tuanze na hesabu. Kutoka Kyela hadi Makka kwa mstari ulionyooka ni kiasi cha kilomita 3,500. Lakini hakuna msafiri anayepita mstari huo. Kwanza hupanda gari kutoka Kyela, akapita Tukuyu na Uyole hadi Mbeya, kisha akafika Songwe. Hiyo ni safari ya saa tatu au nne kwa sababu ya milima ya Rungwe. Songwe hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 690 angani, na ndege huzimaliza kwa muda wa kati ya saa moja na saa moja na nusu. Dar es Salaam hadi Jeddah ni kiasi cha kilomita 3,160. Ndege ya moja kwa moja hutumia saa nne na nusu hivi, na anayebadilisha ndege Nairobi, Addis Ababa au Doha huongezewa saa nyingi za kungoja. Kutoka Jeddah hadi Makka zinabaki kilomita 80 hivi za barabara.

Katika vitabu vya fiqhi masafa hupimwa kwa marhala, yaani mwendo wa siku moja wa ngamia aliyebeba mzigo, ambao ni kiasi cha kilomita 40 na kitu. Kwa kipimo hicho, Kyela na Makka zimetengana kwa marhala zaidi ya themanini. Ndege kubwa ikishashika mwendo wake humaliza marhala moja kwa dakika tatu tu.

Waislamu waliofika kaskazini mwa ziwa hili katika karne ya 19 waliujua urefu huo kwa miguu yao. Walikuja na misafara ya biashara ya pembe na watumwa kutoka pwani, na katika miaka ya 1880 walikuwa na makazi karibu na Karonga chini ya Mlozi, mpaka Waingereza walipomshinda na kumnyonga mwezi Desemba 1895. Kwa watu wa zama zile kufika pwani peke yake ilikuwa kazi ya majuma mengi, na Makka ilikuwa ng'ambo ya bahari baada ya hapo.

KINACHOHESABIWA NI MASAFA, SI SAA

Ruhusa ya kupunguza Swala imetajwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 101. Aya hiyo imetaja khofu ya maadui, na kwa sababu hiyo Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kupunguza Swala ilhali watu wameshakuwa katika amani. Mtume (S.A.W.) alimjibu kwa maana ya kwamba hiyo ni sadaka ambayo Allah amewapa, basi waipokee. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim.

Hapa ndipo wanavyuoni walipotofautisha kati ya sababu ya hukumu na hekima yake. Hekima ya ruhusa ni kuondoa uzito. Lakini sababu ambayo hukumu imefungamanishwa nayo ni safari yenyewe, kwa kuwa uzito haupimiki. Mzigo unaomlemea mmoja ni mwepesi kwa mwingine. Kwa hiyo tajiri aliyekaa kwenye kiti laini cha ndege ana ruhusa sawa na mchukuzi aliyetembea juani. Na fundi anayeshinda akivunja mawe mjini kwake hana ruhusa hiyo, japokuwa amechoka kuliko wote wawili.

Imam An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijiria (1277 Miladia), alikwisha lijibu swali la ndege kabla haijatengenezwa. Katika Minhaj At-Talibin ameeleza kuwa bahari ni kama nchi kavu katika hukumu hii, na kwamba msafiri akiyamaliza masafa yale baharini kwa saa moja tu, bado atapunguza. Kama wepesi wa chombo haukuondoa hukumu baharini, hauiondoi angani.

Masafa hayo kwa Mashafi ni marhala mbili, ambazo ni farsakh 16 au maili 48 za zamani. Wanavyuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa kati ya kilomita 80 na 90. Mahanafi wao wamepima kwa mwendo wa siku tatu. Ndugu zetu Maibadhi wanapunguza kuanzia farsakh mbili, kiasi cha kilomita 12. Na Ibn Taymiyya aliona kuwa kila inachokiita watu safari kwa mazoea yao ndiyo safari. Kila mmoja ana hoja zake, na haifai mswalihina kugombana msikitini kwa jambo ambalo Maulamaa wamelistahamilia kwa karne nyingi.

Tuipeleke kanuni hii kwenye barabara za kwetu. Mtu wa Kyela mjini anayekwenda Ipinda, Matema au Tukuyu na kurudi hapunguzi, kwa kuwa hata Tukuyu haifiki masafa hayo. Anayekwenda Mbeya anapunguza, maana barabara inapita kilomita 100. Anayepanda meli Itungi kwenda Mbamba Bay anapunguza vilevile, kwani hizo ni kilomita 200 hivi za maji, na ziwa lina hukumu ya bahari.

Je, anayevuka mpaka wa Kasumulu kwenda Karonga nchini Malawi? Hapa wengi wanateleza. Mtu huyu amegongewa muhuri katika pasi yake, amebadilisha fedha, na ameingia nchi nyingine. Lakini kutoka Kyela hadi Karonga ni kiasi cha kilomita 60 tu za barabara. Kwa madhehebu ya Shafi yeye si msafiri wa kupunguza Swala. Sheria imetazama masafa, haikutazama mihuri ya serikali.

SAFARI INAANZA WAPI NA KUISHIA WAPI?

Anayekwenda Hija kutoka Kyela anakuwa msafiri anapoyapita majengo ya mji wake, si anapoingia kwenye ndege. Kwa kuwa amenuia masafa marefu tangu mwanzo, akifika Tukuyu wakati wa Adhuhuri anaweza kuswali rakaa mbili, ingawa Tukuyu peke yake isingemruhusu. Akijiunga na jamaa ya pale nyuma ya imamu mkazi, ataswali rakaa nne kumfuata imamu wake.

Wapo mahujaji wanaotangulia Dar es Salaam na kukaa kwa ndugu zao siku kadhaa. Wakinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yao imekatika tangu walipofika, na wataswali Swala kamili mpaka watakapotoka tena. Ama anayengoja viza au tiketi huku akitarajia kila siku kwamba ataondoka kesho, huyo ataendelea kupunguza hadi siku 18 kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu.

JUA NA SAA YA UKUTANI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu anayekosea hapa Swala yake au Swaumu yake inaweza kuharibika.

Saa ya Tanzania na saa ya Saudi Arabia ni moja. Aliyetua Jeddah hana haja ya kugeuza saa yake ya mkononi, pamoja na kuwa amesafiri zaidi ya kilomita 3,000. Lakini akivuka daraja la mto Songwe kuingia Malawi, saa yake inarudi nyuma kwa saa nzima, hali yuko mwendo mfupi tu kutoka nyumbani. Je, jua limerudi nyuma kwa saa nzima pale darajani? La. Saa hizi ni mapatano ya serikali. Nyakati za Swala Allah (S.W.) amezifungamanisha na jua.

Dar es Salaam na Jeddah ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na kidogo mashariki. Kwa hiyo jua hupinduka katika miji yote miwili karibu kwa dakika ileile, na Adhuhuri huingia pamoja. Kyela iko magharibi zaidi, karibu na nyuzi 34, kwa hiyo Adhuhuri yake inachelewa kwa dakika 21 hivi. Magharibi nayo inachelewa: mwezi Juni jua la Dar es Salaam linatua kiasi cha saa 12:17 jioni, na la Kyela saa 12:33. Mwezi Desemba Dar es Salaam ni saa 12:37, na Kyela linatua saa 1:03 usiku. Anayefuturu Kyela kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam amekula jua likiwa bado juu, kwa tofauti ya dakika 16 hadi 26. Imamu atakayekaa kimya kwa hili atakuwa ameacha Swaumu za watu wake zipotee.

Msafiri naye afuate mahali alipo. Aliyefunga Kyela mwezi Desemba, akapanda ndege Songwe mchana na kutua Dar es Salaam, atafuturu jua la Dar es Salaam litakapotua. Siku yake imekuwa fupi kwa dakika 26 na hakuna ubaya. Akiwa bado angani hali ni nyingine. Mtu aliye juu kilomita 11 analiona jua kwa dakika kumi na kitu baada ya kutua kwa watu walio chini yake. Madamu analiona, hajaruhusika kufuturu, hata mhudumu wa ndege akitangaza kuwa chini wameshafuturu. Ama aliyefuturu uwanjani baada ya jua kutua kwa yakini, kisha ndege ikapaa akaliona tena, wanavyuoni wengi wa zama hizi wamefutu kuwa Swaumu yake imetimia.

Na anayetaka kutumia ruhusa ya kula akiwa safarini azingatie kuwa kwa Mashafi ni lazima awe ametoka nje ya majengo ya mji wake kabla ya Alfajiri kuingia. Basi likiondoka Kyela kumekwisha kucha, siku hiyo ataifunga, isipokuwa apate dhiki ya kweli.

Kuhusu mwezi kuandama, An-Nawawi ametoa mfano wa mtu aliyeamka katika sikukuu, kisha jahazi likampeleka mji wa mbali ambao watu wake wamefunga. Kauli sahihi zaidi ni kuwa atajizuia kula siku iliyobaki. Badala ya jahazi weka ndege, hukumu ni ileile: msafiri anaungana na watu aliowafikia.

ALFAJIRI INAYOPOTEA ANGANI

Adhuhuri na Alasiri zinakusanywa, na Magharibi na Isha vilevile. Anayeruka Songwe saa tisa alasiri, naye ameshatoka mji wake, ataswali zote mbili uwanjani kabla ya kupanda, kwa kutanguliza. Anayeruka Dar es Salaam saa kumi na moja jioni atatua Jeddah kiasi cha saa tatu na nusu usiku, basi atanuia ndani ya wakati wa Magharibi kuichelewesha, na ataziswali pamoja atakapofika.

Lakini Alfajiri haikusanywi na Swala yoyote. Ndege inayoondoka Dar es Salaam saa tisa usiku inatua Jeddah baada ya saa moja na nusu asubuhi, na Alfajiri imeingia na kutoka abiria wakiwa angani. Tena msafiri asihesabu kwa kalenda ya Dar es Salaam. Mwezi Juni jua la Dar es Salaam huchomoza kiasi cha saa 12:33 asubuhi, ilhali la Jeddah huchomoza saa 11:41 alfajiri. Ndege inapokwenda kaskazini inalifuata jua linalowahi, na tofauti inafika dakika 50. Arafa ya mwaka 2024 na ya mwaka 2025 zote ziliangukia mwezi wa Juni. Hujaji aliyesema "bado mapema" akarudi kulala, aliamka wakati umekwisha, naye yuko njiani kwenda kutekeleza nguzo ya tano hali ameipoteza ya pili. Desemba mambo hugeuka, jua la Jeddah linachelewa kuchomoza na linawahi kutua, karibu saa 11:45 jioni.

Basi achukue udhu kabla ya kupanda, na aswali ndani ya ndege kwa kusimama na kuelekea Kibla akipata nafasi. Kutoka Songwe kwenda Dar es Salaam ndege huelekea mashariki, na Kibla kinakuwa mbele upande wa kushoto. Kutoka Dar es Salaam kwenda Jeddah moja kwa moja, Makka iko mbele karibu sawa na pua ya ndege, na huo ni wepesi uliofichika katika njia hii. Akizuiwa kusimama au kuelekea Kibla, ataswali kama anavyoweza kwa heshima ya wakati, kisha kwa Mashafi ataikariri atakapotua.

KUHIRIMIA ANGANI

Suala la mwisho ni miqati. Mtume (S.A.W.) aliweka mahali maalumu pa kuhirimia kwa watu wa kila upande. Watu wa Iraq walipomlalamikia Umar (R.A.) kuwa Qarn iko mbali na njia yao, aliwaambia watazame mahali panapokuwa sambamba nayo katika njia yao, akawawekea Dhatu Irq. Imepokewa na Bukhari. Kutokana na hapo wanavyuoni wamechukua kanuni ya usambamba, na katika Oktoba 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Amman, Jordan, lilithibitisha kuwa miqati inamlazimu anayeipita au kuwa sambamba nayo kwa nchi kavu, baharini au angani.

Anayetoka kwetu kusini huwa sambamba na Yalamlam, miqati ya watu wa Yemen, kabla ya kufika Jeddah. Ipo kauli ya Ibn Hajar Al-Haytami inayowaruhusu waliokuja kwa bahari kutoka Yemen kuchelewesha hadi Jeddah, kwa hoja ya usawa wa masafa, na wenziwe wameipinga. Anayetaka usalama wa ibada yake asiitegemee bila haja. Ndege hukata kilomita 13 kwa dakika moja. Tangazo la rubani likichelewa dakika tano tu, abiria ameshaipita miqati kwa zaidi ya kilomita 60, na aliyepita bila ihramu asirudi analazimika kuchinja.

Njia ya salama ni kuoga na kuvaa ihramu nyumbani au uwanjani Dar es Salaam, kisha kunuia na kuleta talbiya mapema kidogo kabla ya tangazo. Ibn Al-Mundhir amenukuu ijmai kwamba aliyehirimia kabla ya miqati ihramu yake imefunga. Ama anayepelekwa Madina kwanza atangoje, ahirimie Dhul-Hulayfa atakapotoka Madina kwenda Makka.

Ndugu zetu maimamu, msafiri wa leo anajua ndege yake inaruka saa ngapi na inatua saa ngapi, na mara nyingi hajui zaidi ya hayo. Mfundisheni kabla hajafunga mizigo kwamba kupunguza Swala kunafuata masafa, nyakati na futari zinafuata jua la mahali alipo, na ihramu inafuata miqati. Ratiba ya ndege itamsaidia kujipanga tu, lakini si hakimu katika hata moja ya hayo matatu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafikishe salama wanaokwenda, awarejeshe na Hija iliyokubaliwa, na atujaalie sote fahamu ya dini yake. Wallahu a'lam.